Namba Nje ya Picha

Ofisi ya tafsiri ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi, na kila asubuhi harufu ya mpira mpya ilipanda ngazi pamoja na wafanyakazi. Ukimwacha Mkurugenzi, walikuwa watu sita tu. Watano walishughulika na maneno. Wa sita, mwanamke wa miaka arobaini na saba aliyekaa karibu na dirisha, alishughulika na picha, na wenzake walimwita Mama Mishale.

Jina hilo alibandikwa na mfasiri mmoja mcheshi, ambaye naye walimwita Kamusi. Siku moja Kamusi alimkuta ameinamia kompyuta, anarekebisha unene wa mshale mmoja, anatazama, anatingisha kichwa, anarekebisha tena. Akamuuliza, "Mama, huo mshale unaupima suti?" Ofisi nzima ikacheka, na jina likaganda.

Kazi yao ilikuwa kutafsiri vitabu vya maelekezo ya programu za kompyuta. Kitabu kilikuja kwa lugha ya kigeni, wafasiri wakageuza maneno, halafu yeye akapanga picha mahali pake. Kwa miaka kumi na minane agizo lilikuwa lilelile: weka picha zilezile zilizokuja. Basi maandishi yakisema "bonyeza Hifadhi," picha iliyo pembeni inaonyesha kitufe chenye neno la kigeni, na mshale mwekundu wenye maelezo ya kigeni pia. Alikuwa akiona kasoro hiyo kila siku na kila siku akinyamaza. Nani angemuuliza mpanga picha?

Mambo yalibadilika kwa sababu ya wifi yake.

Wifi huyo, dada mkubwa wa mumewe, alikuwa karani wa kadi katika kliniki ya watoto. Miaka thelathini alikuwa akiandika kwa mkono majina ya watoto waliokuja kuchanjwa. Jumapili moja alikuja kuwatembelea, akavua viatu mlangoni, akakaa, akapokea kikombe chake cha chai, kisha akasema kwa sauti tamu kabisa, ile ambayo mawifi huitunza kwa kazi maalumu:

"Wifi, kile kitabu chenu cha kusajili watoto kwenye kompyuta kimefika. Nakushukuru."

"Kimewafaa?"

"Sana. Tumekiweka chini ya mguu wa meza. Meza haiyumbi tena."

Mumewe alicheka hadi akakohoa. Yeye pia alicheka, asije akaonekana mwenye kinyongo, lakini lile neno lilimkaa. Kesho yake aliomba ruhusa ya nusu siku, akaenda kliniki, akakaa kwenye kiti cha pembeni katika chumba cha kumbukumbu akiangalia. Aliona makarani wakifungua kitabu, wakatazama picha, wakatazama kompyuta, wakakuta maneno hayafanani, wakafunga kitabu. Aliona pia kwamba kitabu chenyewe kilikuwa kimoja tu. Vingine vilikuwa nakala za fotokopi, nyeusi na nyeupe, na mishale yake myekundu aliyoihangaikia imegeuka madoa ya kijivu.

Hakuna aliyemtuma kufanya alichofanya baada ya hapo. Kwa miezi mitatu, muda wa chakula cha mchana, alikuwa anasogeza sahani pembeni na kuandika, huku akitengeneza upya picha za kile kitabu cha kusajili watoto wa chanjo ziwe mfano. Zikatoka kurasa sita, na juu yake kichwa: *Kanuni za picha katika vitabu vilivyotafsiriwa*. Picha ipigwe kutoka kwenye programu iliyo katika lugha ya msomaji, isiwe ya lugha nyingine. Neno lisiandikwe juu ya picha, kwa sababu neno fupi la lugha moja huwa refu katika lugha nyingine na kufunika kila kitu. Badala yake iwekwe namba, na maelezo ya namba yakae chini, mahali wafasiri wanapoweza kuyagusa. Rangi isitegemewe, maana vitabu hufotokopiwa. Upana wa picha uwe mmoja kitabu kizima. Na kadhalika, hadi unene wa mistari.

Mkurugenzi alizisoma amesimama, miwani imeshuka puani.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, Mkurugenzi."

"Hm."

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, basi. Lakini jioni ile alizituma kurasa zile kwa wateja, wenye programu, bila kumwambia mtu, na hilo lilikuwa jambo la upole ambalo Mama Mishale alilijua baadaye. Wateja walijibu kwamba kitabu cha chanjo kinachapwa upya katika lugha tisa. Kanuni zikithibitika kwamba zinafanya kazi, lugha zote tisa zitazifuata. Zisipothibitika hadi Ijumaa saa sita mchana, picha za zamani zitabaki kama zilivyo, na habari itaishia hapo.

"Ithibitike vipi?" aliuliza Kamusi.

"Karani mmoja," alisema Mkurugenzi, "ambaye hajawahi kugusa programu. Apewe kitabu chenye picha mpya, akae peke yake na kompyuta. Akisajili mtoto bila kusaidiwa, naandika barua. Asipoweza, naandika barua nyingine. Unaye mtu?"

"Ninaye wifi yangu."

Mkurugenzi akainua nyusi. "Ndugu yako? Si atakupendelea?"

Kamusi akadakia, "Mkurugenzi, amesema wifi. Hapo haki itatendeka."

* * *

Jumatano asubuhi wifi mtu alipanda zile ngazi akiwa amevaa gauni lake la kutokea, ingawa ilikuwa siku yake ya mapumziko ya pekee wiki ile. Kamusi alimwekea mto kwenye kiti, akamsogezea maji. Mkurugenzi alizima feni isije ikapeperusha kurasa, akarudi nyuma, akafunga mikono kifuani. Mama Mishale alisimama karibu na dirisha. Mumewe alikuwa amempigia pasi blauzi asubuhi ile bila kuombwa, na sasa alihisi kola yake imemkaba.

"Nianze?" aliuliza wifi.

"Anza, dada," alisema Mkurugenzi. "Sisi hatupo."

"Mnapumua kwa nguvu kwa watu wasiokuwepo."

Alifungua kitabu. Picha mpya zilikuwa nzuri, hata Mama Mishale mwenyewe alijua hivyo. Maneno ya kwenye picha yalikuwa yaleyale ya kwenye kompyuta. Wifi alitazama picha, akatazama kompyuta, akasema taratibu, "Ah, hapa tunafanana," na moyo wa Mama Mishale ukaruka. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, mambo yakaenda kama maji. Kisha akafika kwenye fomu yenyewe, ile ya kusajili mtoto, yenye visanduku vinne: jina la mtoto, jina la mama, mtaa, uzito. Katika picha, namba zilikuwa zimekaa ndani ya visanduku, katikati kabisa, kila moja kwenye kiduara chake, safi kama vifungo vya shati.

Wifi alisoma. Akatafuta herufi. Akabonyeza kwa kidole kimoja, kwa uangalifu mkubwa. Kisha akabonyeza Hifadhi na kukunja mikono.

"Tayari."

Wote wakasogea kuangalia. Kwenye skrini palikuwa na mtoto mmoja mpya. Jina lake lilikuwa 1. Mama yake alikuwa 2. Walikaa mtaa wa 3, na mtoto alikuwa na kilo 4.

Kamusi alijitahidi, masikini, lakini hakuweza. "Kilo nne," alisema. "Afya si mbaya."

Kicheko kikamponyoka kila mtu isipokuwa wawili. Wifi alitazama nyuso zao, akatazama skrini, na uso wake ukaanza kuingia ndani polepole, kama wa mtu aliyezoea kuchekwa na vijana wenye kompyuta. Mama Mishale aliuona uso ule. Kilichomuuma wakati ule hakikuwa kurasa zake sita.

"Hajakosea," alisema.

"Mtoto anaitwa Moja," alisema Mkurugenzi.

"Hajakosea, Mkurugenzi. Amefanya kile picha ilichomwambia." Akavuta kiti, akakaa kando ya wifi yake. "Hebu nieleze. Ulipoona namba mle ndani, ulifikiri nini?"

Wifi alisita. Halafu akaeleza, kwanza kwa aibu, kisha kwa sauti ya mtu anayeijua kazi yake. Kliniki yao ilikuwa na kadi ya mfano, imebandikwa ukutani tangu hajaajiriwa. Karani mpya akija, haelezwi mengi. Anaonyeshwa kadi ile. Kilicho ndani ya kisanduku ndicho kinachoandikwa. Kilicho nje ya kisanduku ni maelezo. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyofundisha wengine wote waliokuja baada yake.

"Sasa nyinyi mmeniwekea moja ndani ya kisanduku," alisema. "Mimi ni nani niandike mbili?"

Miezi mitatu Mama Mishale alikuwa amezitazama namba zile. Alikuwa amezipima, amezisogeza, amezikaza katikati kwa sababu katikati palimpendeza macho. Hakuwahi kufikiri kwamba kwa mtu mwenye kalamu mkononi, ndani ya kisanduku ni mahali pa kuandika.

"Kwa hiyo aliyekosea ni mimi au ni picha?" aliuliza wifi.

"Ni picha. Na picha ni yangu."

"Basi ahsante." Wifi akanyanyua glasi ya maji. "Miaka thelathini, pakitokea kosa, huwa ni mimi."

Mkurugenzi aliangalia saa. "Nasikitika, Mama. Kanuni ya pili imeanguka, na ndiyo iliyobeba nyingine. Nitaandika barua leo."

Kama ingekuwa zamani, angeinamisha kichwa na kurudi dirishani. Lakini sasa alikuwa anajua jambo ambalo asubuhi hakulijua, na mtu anayejua jambo husimama tofauti.

"Makataa ni Ijumaa," alisema. "Leo ni Jumatano. Nipe kesho."

"Ufanye nini na siku moja?"

"Namba zitoke nje."

Mkurugenzi aliitazama saa tena. Hakuwahi kumsikia akiomba kitu. "Kesho saa nane," alisema mwishoni. "Na awe mtu mwingine. Huyu dada sasa ameshajua."

"Mtu ninaye," alisema wifi, na tabasamu lake lilikuwa la hatari kidogo. "Mzee Faili."

* * *

Mzee Faili alikuwa karani mwenzake wifi, mwenye mwaka mmoja tu kufikia kustaafu, na alikuwa ameapa mbele ya mashahidi kwamba ataondoka kazini bila kugusa kipanya. Majalada ya kliniki yote yalikuwa kichwani mwake. Ukimtajia mtoto, alikuambia rafu.

Mchana kutwa Jumatano Mama Mishale alifanya kazi, na Kamusi alikaa naye akisoma kwa sauti ili asipotee mstari. Alizitoa namba nje ya kila picha, akazipanga kwenye ukingo wa kushoto, na kutoka kwa kila namba akachora mstari mmoja mwembamba ulioishia kwenye ukingo wa kisanduku, usiingie ndani. Ndani ya visanduku akaandika mfano wa kweli: jina la mtoto wa kubuni, la mama yake, mtaa, na uzito wa kilo sita na nusu.

Hapo akasimama.

"Kamusi. Kama kilicho ndani ndicho kinachoandikwa, si watasajili huyuhuyu mtoto wangu, nchi nzima?"

Kamusi akakuna kidevu. "Atakuwa mtoto aliyechanjwa kuliko wote duniani."

Walicheka, kisha wakaacha kucheka, maana lilikuwa swali la kweli. Akampigia simu wifi yake. Alikuwa hajamaliza kueleza wifi akamkatiza: "Kwani sisi majina tunayatoa wapi? Si kwenye kadi ambayo mama ameishika? Onyesha kadi, wifi. Mbona kazi mnaijua nusu?"

Basi akachora kadi. Kabla ya picha ya fomu akaweka picha ya kadi ya karatasi yenye mtoto yuleyule, na maelezo chini yake yakasema: *kilicho kwenye kadi yako kiingie hapa*. Msomaji aliona kadi ya mtoto wa mfano, akamwona mtoto huyo ameingia kwenye kompyuta, akaelewa kwamba wa kwake anaingia vivyo hivyo. Saa kumi na moja alichapa kitabu kizima. Kisha, bila kusema kitu, akakipitisha kwenye mashine ya fotokopi, na hiyo nakala nyeusi na nyeupe ndiyo aliyoitia kwenye bahasha.

Alhamisi saa nane, kina mama wengi walikuwa wameshaondoka na chumba cha kumbukumbu kilikuwa kimetulia. Mzee Faili, ambaye wifi alikuwa amemshawishi tangu asubuhi, aliwasubiri amevaa koti. Kabla ya kukaa alikwenda kunawa mikono, akaikausha kidole kwa kidole, kama mtu anayekwenda kupokea mtoto mchanga. Mkurugenzi aliona, na akavua kofia.

"Huyu ndiye aliyeviandika?" aliuliza Mzee Faili, akimwonyesha Mama Mishale kwa kidevu.

"Ndiye, mzee wangu."

"Kile cha mguu wa meza?"

"Hiki ni kingine, mzee."

"Tutaona. Meza nyingine pia inayumba."

Wifi alimpa kadi ya mtoto aliyebuniwa, tofauti na wa kwenye kitabu, akarudi kusimama karibu na Mama Mishale. Mzee alisoma kwa kidole. Alifuata maneno, akafuata picha, akafuata ule mstari mwembamba kutoka kwenye namba hadi kwenye ukingo wa kisanduku, na kidole kilipofika ukingoni kikasimama. Hapo kilikaa sana. Mama Mishale alihesabu pumzi zake mwenyewe. Alijua kwamba kidole kile kikitafuta tarakimu moja, miezi mitatu imekwisha, na wasomaji wa lugha tisa wataendelea kusoma picha zisizosema nao.

Mzee alinyanyua kadi, akaisogeza karibu na macho. Akatazama picha ya kadi kitabuni. Akatazama kadi yake tena.

"Aaa," alisema, peke yake.

Kidole kikashuka. Herufi ya kwanza ya jina la mtoto aliye mkononi mwake. Ya pili. Ilichukua muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha. Hata Mkurugenzi, mtu wa haraka, hakutazama saa. Jina, mama, mtaa, uzito. Kisha kipanya, na kitufe cha Hifadhi, ambacho kilikuwa kimeandikwa Hifadhi, kitabuni na kwenye skrini.

*Mtoto amesajiliwa.*

Wifi alimshika Mama Mishale mkono, akaubana hadi ukauma. Lakini Mzee Faili alikuwa bado hajaridhika.

"Ngojeni," alisema. "Nileteeni kadi nyingine. Nisije nikawa nimebahatisha."

Akasajili wa pili. Alipomaliza alifunga kitabu, akakiweka mbele yake, akakipangusa jalada kwa kiganja. "Hiki hakiendi mguuni," alisema. "Hiki kikae mezani. Miaka yote hii, nilidhani ni mimi nisiyeweza."

Mama Mishale alimsogelea. Akainama, akamshukuru mzee kwa mikono miwili.

Mkurugenzi alitoa kurasa zile sita kwenye mkoba wake. Juu palikuwa na kichwa, na chini ya kichwa palikuwa wazi.

"Umesahau kitu," alisema.

"Nini, Mkurugenzi?"

"Jina lako. Siwezi kutuma kanuni zisizo na mwenyewe."

Akampa kalamu yake. Katika miaka kumi na minane alikuwa amepanga majina ya watu wengi kwenye kurasa za mwanzo, ya wafasiri na ya wahariri na ya wenye programu, na lake halikuwahi kuwa miongoni mwao. Akaegemea rafu ya majalada, akaliandika kamili, kama lilivyo kwenye cheti chake cha shule. Halafu akafungua kanuni ya pili, akaifuta, akaiandika upya: *Namba ikae nje ya picha, kwenye ukingo wa kushoto, isiingie ndani ya kisanduku.* Chini yake akaongeza: *Imegunduliwa na karani wa kadi,* na jina la wifi yake.

Wifi alisoma juu ya bega lake. Akaligusa jina lake kwa ncha ya kidole.

"Umeliandika vizuri," alisema. "Wengi hunikosea herufi."

* * *

Barua ya wateja ilikuja wiki mbili baadaye, na ilikuwa fupi. Kanuni zimepokelewa. Lugha zote tisa. Mkurugenzi aliibandika karibu na mlango, mahali ambapo hata mleta maji angeisoma, na mleta maji kweli aliisoma, akampa Mama Mishale hongera.

Halafu, Jumanne moja saa nne asubuhi, simu ya ofisi ililia. Kamusi alipokea, akazungumza kwa lugha ya kigeni, akaziba kipaza sauti kwa kiganja.

"Ni mpanga picha wa nchi nyingine," alisema. "Wenzake wanaandika kutoka kulia kwenda kushoto. Amesoma kanuni zako, anasema zimemsaidia sana, lakini amekwama kwenye ya pili. Umeandika namba zikae ukingo wa kushoto. Kwao kushoto ndiko mstari unakoishia. Anauliza azivunje kanuni?"

Mama Mishale alizungusha kiti. Aliliona mara moja: fomu iliyogeuka, jicho linaloanzia kulia, na namba zake zimejipanga upande ambao hakuna anayeanzia. Hakuona aibu safari hii. Aliona raha, raha ya fundi aliyeletewa kazi nzuri.

"Mwambie asivunje. Mwambie namba zikae upande ule msomaji anakoanzia kusoma. Kwao kulia. Kosa lilikuwa langu, nitamwandikia leo hii, yeye na wenzake wa lugha nyingine zote."

Kamusi alitafsiri. Upande wa pili palisikika kicheko cha furaha, kisha swali.

"Anauliza amwambie bosi wake kwamba hilo limesemwa na nani. Bosi wake ni mkali, anataka neno la mwenye mamlaka."

Wafasiri wanne walikuwa wameinua vichwa. Hata Mkurugenzi alikuwa ametokeza mlangoni na kikombe chake cha chai, na wala hakufungua mdomo kujibu.

"Mwambie," alisema Mama Mishale, "limesemwa na aliyeziandika."

Akageukia kompyuta yake, akafungua zile kurasa sita, na juu kabisa, chini ya jina lake, akaandika: *Toleo la pili*.